Nani Mwenye Mji? Historia ya Uchaguzi wa Madiwani Mjini Manchester

Wanafunzi wetu wa somo la tafsiri walipewa aya moja fupi kuhusu historia ya serikali za mitaa nchini Uingereza. Aya yenyewe haikuwa ngumu kwa kuitazama. Ilisema kwamba katika mji wa Manchester, katika karne ya 19, waliochagua madiwani ni wale waliolipa kodi fulani, na kwamba madiwani nao waliwachagua wazee wa kukaa nao barazani. Hata hivyo, tafsiri zilipokusanywa tuliona kwamba karibu kila mwanafunzi alikuwa ameandika historia yake. Mmoja aliwapa kura wapangaji wote. Mwingine aliwafanya wazee wa baraza kuwa wazee wa ukoo. Wa tatu aliandika "wananchi walipiga kura", ilhali walio wengi katika wananchi hao hawakuwa na kura kabisa.

Makosa hayo hayakutokana na uvivu, bali na kutoijua historia iliyo nyuma ya maneno. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema katika toleo hili tueleze, kwa kifupi, jinsi uchaguzi wa baraza la mji ulivyoanza na kubadilika Manchester. Tumeuchagua mji huo kwa kuwa historia yake iko wazi na ina mafunzo mengi. Tutaongozwa na swali moja ambalo Waswahili wa pwani walilijua zamani: nani mwenye mji? Katika miji ya pwani, "wenye mji" hawakuwa watu wote waliolala mjini. Walikuwa wale waliokubalika kuwa na sauti katika mambo ya mji. Manchester nayo ilikuwa na wenye mji wake, na historia ya uchaguzi wake ni historia ya kuupanua mduara huo.

Mji mkubwa usio na baraza

Mwanzoni mwa karne ya 19 Manchester ulikuwa mji wa viwanda vya pamba uliokua kwa kasi kubwa. Kufikia hesabu ya watu ya 1831 ulikuwa na wakazi zaidi ya 140,000. Pamoja na ukubwa huo, kisheria ulitawaliwa karibu kama kijiji. Haki za utawala zilikuwa za ukoo wa Mosley, uliomiliki eneo hilo tangu zamani. Kila mwaka baraza la wazee wa mahakama ya mwenye eneo liliteua mkuu wa mji na makonstebo. Kando yake ilikuwapo tume iliyoundwa kwa sheria ya 1792 kushughulikia taa za barabarani, walinzi wa usiku na usafi. Hadi mwaka 1832 mji huo haukuwa hata na mbunge wake mwenyewe.

Watu hawakunyamaza. Tarehe 16 Agosti 1819 makumi ya maelfu ya wanaume, wanawake na watoto walikusanyika katika uwanja wa St Peter kudai mageuzi ya bunge. Askari wa farasi waliwavamia kwa panga. Watu wapatao 15 au zaidi waliuawa na mamia walijeruhiwa. Tukio hilo liliitwa Peterloo. Mkutano ule ulidai viti vya bunge, si vya udiwani, lakini ulionyesha wazi hali ya mji wenye watu wengi na utajiri mwingi usiokuwa na mlango halali wa kupitishia sauti ya watu wake.

Sheria ya 1835 na uchaguzi wa kwanza

Mwaka 1835 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mabaraza ya miji. Sheria hiyo iliondoa mabaraza ya zamani katika miji 178, ambayo mengi yalikuwa yakijichagulia wajumbe yenyewe, na kuweka mahali pake madiwani waliochaguliwa na walipa kodi. Manchester haukuwamo katika orodha hiyo kwa kuwa haukuwa na baraza la kuondoa. Hata hivyo, sheria iliruhusu mji kuomba hati ya kuwa na baraza.

Aliyeongoza madai hayo ni mfanyabiashara wa vitambaa, Richard Cobden. Mwaka 1837 alitoa kijitabu kilichouliza kwa nini mji mkubwa namna ile uendelee kuwa chini ya utawala wa bwana mmoja wa ardhi. Wapinzani wake nao hawakulala. Walipeleka ombi la kupinga lililokuwa na sahihi nyingi kuliko lile la kuunga mkono. Sahihi zilipokaguliwa, nyingi zilionekana kuwa za uongo. Hati ikatolewa Oktoba 1838.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Desemba 1838. Mji uligawanywa katika kata 15. Kata 14 zilichagua madiwani 3 kila moja na kata ya New Cross ikachagua 6, jumla madiwani 48. Wahafidhina, walioipinga hati yenyewe, waliususia uchaguzi. Baraza jipya likamchagua Thomas Potter kuwa meya wa kwanza.

Msomaji asidhani kwamba ugomvi uliishia hapo. Tume ya zamani ilikataa kukabidhi madaraka, na uhalali wa hati ukapelekwa mahakamani. Mambo yalivurugika hata serikali kuu ikalazimika kuchukua polisi wa mji kuanzia 1839 hadi 1842. Ni sheria ya 1842 iliyothibitisha hati hiyo. Mwaka 1846 baraza likanunua haki zote za ukoo wa Mosley kwa pauni 200,000. Yaani mji ulijinunua wenyewe.

Kodi ya majengo si pango

Sasa turudi kwenye aya ya wanafunzi wetu. Sheria ya 1835 ilimpa kura mwanamume mwenye umri wa utu uzima aliyeshika nyumba, duka au ghala mjini, aliyekaa mjini au karibu nao, na aliyelipa kwa miaka kadhaa mfululizo kodi ya kuwasaidia maskini, iliyotozwa kulingana na thamani ya jengo. Wanafunzi wengi waliiita kodi hiyo "kodi ya nyumba". Kwa Mswahili wa leo, kodi ya nyumba ni ile anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba. Neno moja linabeba mambo mawili: malipo kwa serikali na malipo kwa mwenye nyumba. Hapo ndipo tafsiri ilipopotoka.

Tofauti hii si ndogo, kwa sababu Manchester ulikuwa mji wa wapangaji. Wafanyakazi wa viwandani waliishi katika nyumba ndogo za kupanga. Mara nyingi mwenye nyumba alilipa kodi ya majengo kwa niaba yao, kisha akaijumlisha katika pango la kila wiki. Kwa hiyo fedha ilitoka mfukoni mwa mfanyakazi, lakini jina lililoandikwa katika daftari la kodi lilikuwa la mwenye nyumba. Asiyekuwa katika daftari la kodi hakuwa katika daftari la wapiga kura. Kwa namna hiyo watu wengi walilipa bila kuhesabiwa. Mwaka 1869 sheria ilitamka kwamba mpangaji ambaye kodi yake imelipwa na mwenye nyumba ahesabiwe kuwa amelipa mwenyewe.

Tunapendekeza basi kwamba katika matini za aina hii tutumie "kodi ya majengo" kwa ile ya serikali na "pango" kwa ile ya mwenye nyumba. Mpiga kura wa 1838 tusimwite "mwananchi". Alikuwa mlipa kodi. Kama tunataka neno lenye harufu ya wakati ule, "mwenye mji" linafaa zaidi.

Diwani na mzee wa mji

Neno "diwani" limetujia kutoka Kiajemi kwa njia ya Kiarabu. Katika miji ya Mrima lilikuwa cheo cha mtawala wa mahali, na wapenzi wa ushairi wanalijua kama mkusanyiko wa mashairi. Leo Tanzania diwani ni mwakilishi wa kata, na kwa Manchester neno hilo linafaa bila shida.

Shida ni yule aliyeitwa kwa Kiingereza "alderman". Asili ya neno hilo ni mtu mzee au mkubwa, sawa kabisa na "mzee" kwetu. Chini ya sheria ya 1835 wazee hawa hawakuchaguliwa na wapiga kura. Madiwani ndio waliowachagua, kwa idadi ya theluthi moja ya madiwani wote. Manchester ilianza na wazee 16. Diwani alikaa miaka 3, mzee alikaa miaka 6. Lengo lilikuwa kuweka barazani watu wenye uzoefu wasiotikiswa na kila upepo. Matokeo yake, chama kilichoshinda kidogo kiliweza kujiongezea nguvu kwa kuwateua wazee wake. "Mzee wa baraza" ni tafsiri nzuri, mradi msomaji aelezwe kwamba uzee huo ulikuwa cheo na haukutegemea umri. Cheo hicho kiliondolewa katika mabaraza ya aina hii na mageuzi ya 1974.

Mfano mzuri wa mzee wa baraza ni Abel Heywood. Alizaliwa katika umaskini akawa muuza vitabu na magazeti. Mwaka 1832 alifungwa jela miezi 4 kwa kuuza gazeti lisilolipiwa ushuru wa stempu. Mwaka 1843 akachaguliwa kuwa diwani, mwaka 1853 akafanywa mzee wa baraza, kisha akawa meya mara mbili. Jumba jipya la baraza lilipokamilika mwaka 1877, Malkia Victoria hakwenda kulifungua. Aliyelifungua ni meya Heywood, mfungwa wa zamani. Kengele kubwa ya saa ya jumba hilo ilipewa jina lake.

Kutoka kura ya wazi hadi kura ya siri

Neno "kura" nalo lina historia. Kwa asili yake ya Kiarabu ni bahati nasibu: kupiga kura ni kuacha jambo liamuliwe na kura itakayoanguka. Maana ya uchaguzi ilikuja baadaye. Nasi tumezoea kuiunga kura na siri, kiasi kwamba mwanafunzi akisoma "alipiga kura" anaona sanduku na karatasi iliyokunjwa.

Manchester ya 1838 haikuwa hivyo. Mpiga kura alipeleka karatasi yenye majina ya wagombea aliowataka, pamoja na sahihi yake na mtaa wa jengo lake. Karatasi hizo zilihifadhiwa, na ziliweza kukaguliwa baada ya uchaguzi. Mwajiri aliweza kujua mfanyakazi wake alimchagua nani, na mwenye nyumba aliweza kujua habari za mpangaji wake. Siri iliwekwa na sheria ya 1872, iliyohusu chaguzi za bunge na za mabaraza pia.

Wasomaji wetu hawahitaji kwenda mbali kuielewa hali hiyo. Nchini Kenya uteuzi wa wagombea wa KANU mwaka 1988 ulifanywa kwa mlolongo, watu wakijipanga nyuma ya wagombea. Hapa Uganda, Julai 2018, uchaguzi wa LC1 ulifanywa kwa kusimama foleni. Wapo wanaosema mlolongo ni wa gharama ndogo na kila mtu anaona hesabu kwa macho yake. Wapo wanaokumbuka kwamba jirani, mkopeshaji na mkuu wa kazi wanaona pia. Hoja hizo mbili ndizo zilizosikika Uingereza kabla ya 1872.

Wanawake: wenye mji wasiotajwa

Sheria ya 1835 ilitaja wanaume peke yao, ingawa walikuwapo wanawake wajane na wasioolewa waliolipa kodi kwa majina yao. Novemba 1867 mwenye duka mmoja wa Manchester, Lily Maxwell, alikuta jina lake limeingizwa kwa makosa katika daftari la wapiga kura wa bunge. Akaenda na Lydia Becker, mpigania haki za wanawake, akatamka kura yake hadharani kwa Jacob Bright. Mwaka uliofuata mahakama ikaamua kwamba wanawake hawana haki hiyo.

Mlango wa bunge ukafungwa, lakini wa baraza ukafunguliwa kidogo. Mwaka 1869 Jacob Bright, sasa mbunge wa Manchester, alipata kuingiza katika sheria kifungu kilichowapa wanawake walipa kodi kura katika chaguzi za miji. Mwaka 1872 mahakama ikaamua kwamba kifungu hicho hakimhusu mwanamke aliyeolewa. Hivyo basi mjane aliyekuwa na duka alikuwa mwenye mji. Akiolewa tena, uwenye mji wake ulikwisha siku ya harusi.

Kupiga kura na kugombea ni mambo mawili. Lydia Becker alichaguliwa katika bodi ya shule ya Manchester mwaka 1870, lakini kiti cha udiwani kilibaki marufuku kwa wanawake hadi sheria ya 1907. Mwaka 1908 Margaret Ashton akawa mwanamke wa kwanza katika baraza la Manchester. Alifanya kazi kubwa kwa afya ya kina mama na watoto. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 alipinga vita na akachukiwa kwa hilo. Baadaye rafiki zake walipochangia picha yake ya kuchorwa, jiji liliikataa. Mwaka 1924 akachaguliwa Hannah Mitchell, mshonaji nguo ambaye hakukaa shule zaidi ya wiki mbili maishani mwake. Alitumikia hadi 1935.

Kutoka mlipa kodi hadi mkazi

Mwaka 1918 kura ya baraza ilipanuliwa, na wake wa walioshika nyumba wakaipata wakifika umri wa miaka 30. Mwaka 1928 umri wa wanawake ulilinganishwa na wa wanaume. Mwaka 1945 waliokuwa na kura ya bunge walipewa pia kura ya baraza. Hapo ndipo fungamano la kura na kodi lilipokatika. Mabaki yake, yaani kura ya mtu mwenye jengo la biashara katika mji asioishi, yaliondolewa na sheria ya 1969, iliyoshusha pia umri wa kupiga kura hadi miaka 18.

Mwaka huo huo wa 1945, Oktoba, Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika lilifanyika Manchester. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah. Ukumbi waliokutania ulikuwa jumba la baraza la Chorlton-on-Medlock, kitongoji kilichounganishwa na Manchester mwaka 1838. Tunaona ni jambo la kufikirisha: waliodai haki ya kura kwa makoloni walikutana katika jengo lililojengwa kwa ajili ya utawala wa mtaa, katika mwaka ambao Mwingereza wa kawaida alipewa kura ya udiwani bila kuulizwa risiti ya kodi.

Baraza la miaka ya karibuni

Manchester lilipata hadhi ya jiji mwaka 1853. Tangu 2004 baraza lake limekuwa na madiwani 96 kutoka kata 32, watatu kila kata. Kwa kawaida diwani hukaa miaka 4, na theluthi moja ya viti hugombewa kila mwaka kwa miaka 3. Mwaka wa 4 hauna uchaguzi wa madiwani, kwa kuwa zamani ulitengwa kwa baraza la mkoa wa Greater Manchester, lililovunjwa mwaka 1986.

Upana wa kura hauhakikishi upana wa sauti barazani. Mwaka 2014 chama cha Labour kilikuwa na madiwani 95 kati ya 96, na yule mmoja aliyebaki alikuwa mwanachama wake aliyejitenga. Kwa miaka 2 baraza halikuwa na upinzani rasmi, hadi John Leech wa Liberal Democrats aliposhinda kiti mwaka 2016. Mwaka 2012 wakazi walikataa, kwa asilimia 53, pendekezo la kumchagua meya mtendaji wa jiji. Hata hivyo, mwaka 2017 walijikuta wakimchagua meya wa Greater Manchester nzima, Andy Burnham.

Jambo la mwisho linawahusu wanafunzi wetu moja kwa moja. Sheria ya Uingereza inampa kura raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi huko kwa kibali halali na aliyefikisha miaka 18, akijiandikisha. Mwanafunzi kutoka Kampala, Nairobi, Dar es Salaam au Kigali anayesoma Manchester anaweza kumchagua diwani wa kata anayoishi. Mwenzake kutoka Bujumbura hawezi, kwa kuwa Burundi haimo katika Jumuiya hiyo. Wote wawili wanaweza kuwa wanalala chumba kimoja na kulipa pango sawa.

Kwa hiyo swali letu halijafungwa. Aliyeitwa mwenye mji mwaka 1838 alikuwa mwanamume mwenye jina katika daftari la kodi. Leo ni mkazi, lakini si kila mkazi. Mfasiri anayeandika "wananchi" kila mahali anaifuta safari hiyo yote kwa neno moja.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya mwenyeji, mkazi, mwananchi, raia na mwenye mji. Ni lipi linafaa kwa mpiga kura wa Manchester mwaka 1838, na ni lipi kwa wa leo?
2. Tanzania husema "kata", Kenya husema "wadi". Je, mfasiri wa Uganda achague lipi, na kwa sababu gani?
3. Tunga aya moja kuhusu Lily Maxwell ambamo msomaji ataelewa, bila kuambiwa waziwazi, kwamba kura ya wakati ule haikuwa ya siri.

Walimu watakaoyatumia maswali haya tunawaomba watuletee majibu bora ya wanafunzi wao. Tutayachapisha katika toleo lijalo.